Uzoefu wangu: darasa la kuchonga na kuchapa picha kwa wazee katika makumbusho

Darasa nililohudhuria liliandaliwa na jumba moja la makumbusho ya sanaa katika jimbo la Minnesota, Marekani, ninakoishi kwa binti yangu tangu nilipostaafu ualimu Kilifi. Linapokea watu wenye umri wa miaka 55 na kuendelea, hukutana mara moja kwa wiki kwa muda wa wiki nane, halina ada, na vifaa vyote hutolewa. Ninalisifu kwa sababu moja kubwa: lilituchukua kuwa wanafunzi.

Nasema hivyo kwa kuwa huduma nyingi za wazee nilizoziona hukusudia kutupitishia muda tu, kwa chai, bahati nasibu na picha za kupaka rangi ambazo mtu mwingine amekwisha kuzichora. Hapa kila kikao kilianzia ukumbini, mbele ya picha chache zilizochapwa, na badala ya kuhadithiwa maisha ya msanii tuliulizwa mstari fulani mweupe ulipatikanaje, kisha tukaenda karakana kuujaribu wenyewe. Somo la wiki hii lilijengwa juu ya lile la wiki iliyopita, hata aliyekosa kikao alilazimika kuwahi kinachofuata ili afundishwe kilichompita.

Msanii aliyetufundisha, kijana wa umri wa wajukuu zetu, hakuwa mwepesi wa kusifu. Mstari uliokatwa kwa woga aliuonyesha na kutaka urudiwe. (Mwanzoni aliniita kwa jina langu tupu, kama ilivyo desturi ya huku; alipojua kazi niliyoifanya akaniita Mwalimu, nami sikumkataza.) Maandalizi yake ndiyo yaliyonivutia zaidi. Vibao tulivyochonga ni vya linoliamu, aina ya zulia gumu la sakafuni, ambayo hukakamaa kwenye baridi, kwa hiyo kabla ya kutugawia vibao alivilaza juu ya pedi ya umeme ya kupashia mgongo, na patasi ikapita kama kisu kwenye sabuni. Kila meza ilikuwa na kizuizi cha mbao kinachoshika kibao, ili mkono usiochonga ukae nyuma ya makali, na taa yenye kioo cha kukuzia. Mwenzangu mmoja mwenye baridi yabisi, ambaye vidole vyake havifungi sawasawa, alizungushiwa sponji kwenye mpini wa patasi, akachonga picha yake hadi mwisho bila kushikiwa na mtu.

Mimi nilichonga kanga yenye pindo, mji na jina, na ndani ya mji nikaweka korosho. Kwa kuwa maandishi kwenye kibao sharti yawe kinyume ili yasomeke karatasini, niliandika “Mgeni njoo mwenyeji apone” kwa penseli laini kwenye karatasi nyembamba, nikaigeuza, nikaisugua mgongoni kwa kijiko, na herufi zikahamia zikiwa zimegeuka. Wenzangu walitaka kujua maana yake, na asubuhi hiyo tulizungumza zaidi kuhusu wageni na jinsi wanavyopokewa kwao na kwetu kuliko tulivyochonga.

Wazo la madarasa haya lina utafiti nyuma yake. Gene Cohen, daktari wa magonjwa ya akili wa Marekani, aliongoza utafiti ulioanza mwaka 2001 katika maeneo ya Washington, Brooklyn na San Francisco, ukiwahusisha wazee wapatao 300 wenye umri wa miaka 65 na zaidi. Walioshiriki katika programu za sanaa zilizoongozwa na wasanii wenye taaluma waliripoti afya bora, kwenda kwa daktari mara chache zaidi, na kutumia dawa chache zaidi kuliko wasioshiriki. Kwa upande wangu dawa za presha ni zile zile, ila sasa ninao watu wawili wa kuwapigia simu ambao si jamaa wa binti yangu.

Yapo nisiyoyapenda. Eneo la kuegesha magari liko mbali na mlango, na wakati wa theluji mwendo ule ni hatari kwa mwenye mkongojo. Usafiri wa pamoja ungewaleta wengi wanaobaki nyumbani. Aidha, baada ya maonyesho ya kazi zetu, yaliyofanyika jioni moja tu, hapakuwa na mpango wowote wa kuendelea, na watu waliokwisha kuzoeana waliachwa watawanyike.

Anayetaka kumwandikisha mzazi aliyeanza kupoteza kumbukumbu atafute huduma ya aina nyingine, mfano wa Meet Me at MoMA, programu ya jumba la makumbusho ya sanaa za kisasa (MoMA) iliyoanzishwa New York mwaka 2006 kwa wenye ugonjwa wa Alzheimer na wanaowatunza, ambayo msingi wake ni kutazama kazi za sanaa na kuzizungumzia pamoja. Kwa mzee mwenye hamu ya kujifunza, darasa hili linafaa hata kama hajawahi kushika patasi. Aulize mapema kuhusu lifti na viti vyenye egemeo, na ajiandikishe siku usajili unapofunguliwa, maana nafasi hujaa upesi.