Kawasaki Ninja 650 kwa Mwendeshaji Aliyevuka Miaka Hamsini

Nina umri wa miaka 58, na kwa miezi minane sasa nimeiendesha pikipiki hii hapa Nairobi, baada ya kuiuza ile ya cc 1,000 ambayo mgongo na viganja vyangu vilikuwa vimekwisha kuikataa. Katika pikipiki za mbio halisi usukani huwa chini sana, hivyo mwendeshaji huinama na uzito wa kiwiliwili hulala juu ya viganja, jambo ambalo kijana hulivumilia lakini mtu wa rika langu hulilipia usiku kucha. Usukani wa Ninja 650 umeinuliwa, na kiti kiko milimita 790 tu kutoka ardhini, kwa hiyo ninaposimama katika msongamano wa Barabara ya Ngong nyayo zangu zote mbili hukanyaga lami.

Injini yake ya silinda mbili, cc 649, hutoa nguvu mapema bila kuizungusha kwa fujo. Jumamosi alfajiri mimi hutoka nayo Kiserian kuelekea Magadi, na barabara inapoanza kuliteremkia Bonde la Ufa hunitii kwa upole katika kila kona.

Tairi la nyuma liagizwe mapema. Fundi mmoja alinikawiza wiki tatu nikilisubiri. Nawasihi pia wenzangu wachague pikipiki yenye breki zinazozuia magurudumu kujifunga, kwani asubuhi moja ya mvua mbuzi walikatiza ghafla mbele yangu, nami nikasimama wima, hatua mbili kutoka kwao.