Ua la njano si langu

Shada langu la harusi nilimpelekea fundi wa kukausha maua kwa kuyabana siku mbili tatu baada ya sherehe, likiwa bado bichi. Mawaridi mekundu, vimaua vyeupe vidogo, na majani ya kangaga. Basi. La njano halikuwemo, nalisema mapema kwa sababu ndilo lililoninyima usingizi.

Ikapita miezi. Siku fremu ilipofika moyo ulinidunda kama naolewa tena. Nikafungua. Katikati kabisa, limekaa kama bibi harusi mwenyewe: ua la njano, petali tano.

Nikampigia. Hata hakubabaika. "Dada, pale palibaki wazi, nikajazia. Kwani halijapendeza?" Nikamwambia si langu. Akacheka, akacheka jamani! "Maua ni maua, dada." Nikakata simu nisije nikatukana.

Sasa kwa kuwa nimeshachafukwa, acha niseme na mengine. Mawaridi yamegeuka damu ya mzee. Hilo simlaumu, wekundu ukikauka huiva hadi kukaribia weusi, na alinitahadharisha tangu siku ya kwanza. Ninachomlaumu ni kuyabana mazima. Waridi ni nene. Unalichambua petali moja moja, kila moja inabanwa peke yake, halafu unalipanga upya kwenye karatasi. Ukililaza zima, unyevu unajificha tumboni, na kama karatasi za kunyonya hukuzibadilisha zile siku za mwanzo, umekwisha. Ua la kushoto, pale kwenye kitako, lina vidoa vya kijivu vyenye manyoya. Ukungu. Ndani ya kioo! Petali nyingine zina mistari iliyonyooka kama daftari la shule: ni alama za kadibodi, hakuweka karatasi laini katikati.

Lakini kangaga, jamani. Kila kijani kimejinyoosha hadi ncha, hakuna kilichojikunja, na ukijani wake bado upo. Vile vimaua vyeupe navyo amevitawanya pembeni kwa mkono mwepesi mpaka unadhani vimepeperushwa na upepo. Hapo nilikaribia kumsamehe. Huyu mtu kazi anaijua, na ndiyo maana inauma. Angekuwa hajui ningenyamaza. Nilikuwa nimeshampa nyota moja, nikapandisha zikawa tatu.

Kisha nikataka kulitoa lile la njano. Halitoki. Ameligandisha kwa gundi juu ya petali za waridi, ukilivuta linaondoka nazo. Nikarudi kwenye moja.

Fremu nimeitundika ukutani, mbali na dirisha jua lisije likaipausha. Juzi wifi yangu kaja, kasimama mbele yake kitambo. "Shada lilikuwa zuri," akasema, "lakini hili la njano ndilo limetia fora. Mlilipata wapi?"

Nyota mbili. Ya pili ni ya kangaga, asije akajidai.