Windows 11: Upande, Ubaki au Ununue Laptopu Nyingine? Uliza Kwanza Ufunguo wa Diski Uko kwa Nani

Jamani tangu Windows 10 ikatiwe huduma tarehe 14 Oktoba 2025 maswali ni yale yale, nipande Windows 11 au nibaki nilipo, na nilikuwa najibu mmoja mmoja tu mpaka nilipoletewa malalamiko mawili yanayofanana kama yametoka mdomo mmoja. La kwanza la dada mwenye steshenari Makorora hapa Tanga, laptopu yake kapigiwa Windows 11 na fundi, ikapiga kazi vizuri miezi kadhaa, siku hiyo anaiwasha inamletea skrini ya bluu inadai tarakimu 48. La pili la mwalimu wa Pongwe, yeye kanunua laptopu yuzdi Dar ikaletwa na basi, apdeti ya baiosi (programu ya kwenye bodi inayoiwasha laptopu) ikajiingiza yenyewe usiku, asubuhi na yeye anadaiwa tarakimu 48. Wote wawili hizo tarakimu hawajawahi kuziona tangu wazaliwe. Mitihani aliyotunga mwalimu, hesabu za madeni na picha za pasipoti za wateja wa dada, vyote vimebaki mle ndani na hakuna fundi wa Ngamiani wala wa Kariakoo wala wa huko Marekani anayeweza kuvitoa.

Kwa hiyo mwongozo huu sitazungumzia menyu kuhamia katikati, wala akili bandia, wala ipi inapendeza. Hayo yamejaa kila mahali. Mimi nazungumzia hizo tarakimu, kwa sababu wauzaji hawazisemi, mafundi hawazisemi, na ndizo zinazowaliza watu.

Iko hivi. Windows 11, hasa kuanzia toleo la 24H2 lililotoka Oktoba 2024, ukiipiga upya na ukaingia kwa akaunti ya Microsoft, inafunga diski yako kimyakimya. Kufunga ninakokusema ni kwamba kila kilichomo kinaandikwa kwa siri na funguo inatunzwa na chipu inaitwa TPM iliyopo kwenye bodi. Siku zote ukiwasha TPM inafungua yenyewe, wewe hujui lolote. Ila ikiona kitu kimebadilika, baiosi imeapdetiwa, au fundi kagusa mpangilio wa Secure Boot (ulinzi wa wakati wa kuwasha), au bodi imebadilishwa, inagoma na kukudai ufunguo wa akiba, makundi manane ya tarakimu sita sita. Ufunguo huo Microsoft wanautunza kwenye akaunti iliyotumika siku Windows ilipopigwa.

Sasa jiulize, siku hiyo ilitumika akaunti ya nani? Windows 11 wakati wa kuipiga inang'ang'ania intaneti na akaunti, fundi ana wateja kumi wanasubiri, hana muda wa kukuuliza barua pepe yako na paswedi uliyoisahau, anaingiza ya kwake ili apite. Baadaye anakutengenezea jina lako, anakukabidhi, unalipa, unashukuru. Ufunguo umebaki kwake. Ni sawa na seremala akufungie kitasa cha mlango halafu aondoke na funguo, na wala hakumbuki kama anazo. Yule fundi wa dada wa steshenari alishabadilisha simu na akaunti yenyewe haikumbuki tena, na sio kwamba ni mtu mbaya, hajui tu kama alichukua kitu.

Na sisi watu wa pwani jambo hili linatuuma mara mbili. Hewa ya chumvi hii kuanzia Raskazone mpaka Sahare inakula bodi, kila mtu hapa ana ndugu ambaye laptopu yake ilikufa bodi ikiwa bado mpya mpya. Zamani dawa ilikuwa inajulikana, fundi anachomoa diski, anaichomeka kwenye mashine nyingine, anakutolea mafaili yako, maisha yanaendelea. Diski ikiwa imefungwa dawa hiyo haipo tena. Atakachokuta ni alama ya kufuli tu, na cha kufanya ni kuformati, yaani kufuta kila kitu. Wengi tunaishi bila bekapu kwa kuamini fundi atatoa diski, na sasa hiyo imani haina msingi.

Kwa hiyo kabla hujasoma namba moja huko chini, fanya hivi leo. Fungua Settings, nenda Privacy & security, tafuta palipoandikwa Device encryption. Kama hapapo, andika BitLocker, jina lingine la huko kufunga diski, kwenye sehemu ya kutafutia. Ukikuta imewashwa na ukaingia akaunti yako ya Microsoft ukauona ufunguo wako, uandike kwenye karatasi, sio kwenye laptopu hiyo hiyo jamani, kwenye karatasi, weka na vyeti vyako vya shule. Ukikuta imewashwa na ufunguo huuoni, izime, acha ichomekwe chaji mpaka imalize kufungua diski, inaweza kuchukua saa kadhaa. Ukitaka kuiwasha tena iwashe ukiwa ndani ya akaunti yako mwenyewe. Anayetumia laptopu nyumbani tu haitoki mlangoni, mimi namshauri aiache imezimwa. Anayetembea nayo kwenye daladala na ina taarifa za wateja, aiwashe, ila karatasi iwepo.

Haya tuje kwenye kuzipanga njia zenyewe, kuanzia iliyo bora hadi ya mwisho.

Namba moja kwangu, bila kusita, ni kupanda Windows 11 kama laptopu yako inakubali. Ni bure, ukiwa na Windows 10 halali hulipi hata senti, na ukipandia juu ya ile ya zamani bila kuformati mafaili yanabaki na mara nyingi diski haifungwi yenyewe, ingawa hakikisha. Inakubali kama prosesa ni Intel kizazi cha 8 kwenda mbele au Ryzen za mfululizo wa 3000 kwenda mbele, iwe na TPM 2.0 na RAM isiyopungua GB 4, ila mimi chini ya GB 8 sikushauri kabisa. Kizazi unakisoma hivi: i5-8250U ni cha 8, i5-7300U ni cha 7, i5-10210U ni cha 10. Andaa bando, faili lenyewe linazidi GB 5, na betri iwe imejaa maana umeme wetu mnaujua. Ukishapanda na ukaona haikufai una siku 10 za kurudi nyuma, zikipita hizo njia imefungwa, kwa hiyo jaribu printa na programu yako ya mahesabu ndani ya hizo siku, usingoje mwisho wa mwezi.

Namba mbili ni kwa wale ambao laptopu haikubali na wana hela ya kununua nyingine. Hapa nasema wazi, mimi ni mtu wa ThinkPad na sioni sababu ya kuficha. T480 ndiyo ninayomwambia kila mtu. Ni ya 2018, kwa kawaida ina prosesa ya kizazi cha 8, ina nafasi mbili za RAM unazoweza kuongeza mwenyewe kwa bisibisi, na ina betri mbili, moja ya ndani na moja ya nyuma ambayo unaichomoa na kuchomeka nyingine laptopu ikiwa inawaka. Kwa mtu wa huku ambaye umeme ukikatika saa mbili usiku hajui utarudi saa ngapi, nionyesheni laptopu nyingine ya bei hiyo inayofanya hivyo. Kibodi yake ndiyo nzuri kuliko zote nilizogusa.

Ila sikiliza. T480 na T470 ukiziweka pamoja mezani ni mapacha, na T470 ni kizazi cha 6 au cha 7, Windows 11 haiitambui. Kuna watu wanauza T470 wanaiita T480 mchana kweupe. Angalia pembeni upande wa kushoto: T470 ina tundu la chaji la mstatili, T480 haina, yenyewe inachajiwa kwa USB-C tu, matundu mawili. Ukiona tundu la mstatili rudisha, usibishane naye. Halafu hiyo USB-C ijaribu mbele ya muuzaji, tundu zote mbili zipokee chaji, kwa sababu ThinkPad za miaka ile zilikuwa na hitilafu kwenye programu inayoendesha tundu hilo, inaitwa Thunderbolt, ambayo isipoapdetiwa inaua tundu. Lenovo walitoa marekebisho, muulize kama yamewekwa, na kama hajui unachoongelea yaweke wewe siku hiyo hiyo, baada ya kuandika ufunguo wa diski kwenye karatasi.

HP EliteBook 840 G5 na Dell Latitude 7490 nazo ni nzuri, ila kuna zilizotoka na prosesa za kizazi cha 7, kwa hiyo soma prosesa sio jina la mbele.

Na hapa kwa wauzaji nina dukuduku. Kwa nini tangazo linaandikwa "Core i7" kwa herufi kubwa na kizazi hakiandikwi popote? Core i7 ya kizazi cha 4 inauzwa kama dhahabu kwa mtu asiyejua, wakati Core i3 ya kizazi cha 10 inaingia Windows 11 bila maneno. Ukiuliza kizazi unaambiwa "dada yangu hii mashine kali sana, chukua hii". Mimi sijauliza ukali. Kingine, wanapiga Windows 11 kwa nguvu kwenye mashine isiyokubali, kwa Rufus, ile programu ya kuandalia flashi ya kupigia Windows, halafu wanauza kama "Windows 11 original". Original gani? Bonyeza kitufe cha Windows na R, andika slmgr /xpr, ngoja. Ikikuletea tarehe ya kuisha ndani ya miezi sita hivi, hiyo leseni ni ya kuungaunga, na uliyelipia mashine ndiye utakayebaki na maandishi ya Activate Windows kwenye kona. Ukitaka kufanya hivyo muuzaji anachukia, anaona unamdharau. Achukie. Hela ni zako, na risiti dai, iandike modeli na prosesa, sio "laptop 1" halafu basi.

Na cha tatu, hiki nakiomba kama mtu mzima anavyoomba: muuzaji akukabidhi laptopu ikiwa imeformatiwa mbele yako au ikiwa kwenye ukurasa ule wa kwanza kabisa unaouliza nchi na lugha. Ukiikuta tayari ina jina la mtu, diski inaweza kuwa imefungwa na ufunguo uko kwa huyo mtu, na kama mashine ilikuwa ya kampuni huko Ulaya ndiyo usiseme. Ikitumwa kwa basi kutoka Dar mwambie muuzaji akupigie simu ya video akiiwasha kabla hajaipeleka stendi. Anayekataa simu ya dakika tano, mashine yake kaa nayo mbali.

Bei nazo zimeharibika. Tangu mwishoni mwa 2025 RAM zimepanda dunia nzima maana viwanda vimeelekeza chipu kwenye seva za akili bandia, sasa ule ushauri wetu wa zamani wa kununua ya GB 4 utaongeza baadaye umekufa. Nunua yenye GB 8 tayari, ikiwezekana 16.

Namba tatu ni kubaki Windows 10 kwa muda. Sio dhambi. Microsoft waliweka mpango wa kuongeza ulinzi kwa watu binafsi hadi 13 Oktoba 2026, kwa dola 30 au bure ukikubali mipangilio yako ihifadhiwe kwenye akaunti yao, unaupata ndani ya Windows Update. Hakikisha uko toleo 22H2. Ukibaki, toa diski ile ya kuzunguka weka SSD, diski ya chipu isiyozunguka, hiyo tu laptopu itakuwa kama umenunua nyingine. Kubaki bila huo mpango wakati unaingia benki mtandaoni, hapana. Na wale mliobaki Windows 7, Chrome yenyewe iliwaacha mwanzoni mwa 2023, sina la kuongeza.

Namba nne, Linux Mint, mfumo mwingine unaokaa badala ya Windows. Bure, nyepesi, toleo la 22 linahudumiwa hadi 2029, mifumo ya serikali ya kufungulia mtandaoni kama NeST ya zabuni na ESS ya watumishi wa umma haijali uko kwenye nini. Nyaraka za Word zinafunguka kwa LibreOffice ila mpangilio unaweza kuyumba, kwa steshenari inayochapa kazi za watu sishauri.

Namba tano, ya mwisho kabisa, ni kulazimisha Windows 11 kwenye mashine isiyokubali. Microsoft hawakuahidi apdeti, na 24H2 kwenye prosesa za zamani sana haiwaki kabisa. Kama fundi ameshakufanyia hivyo na inafanya kazi, sawa, toa mafaili yako weka kwenye diski ya nje leo hii. Na kama bado hajaanza, mwambie kwenye Rufus kuna kisanduku cha kuzuia diski isifungwe yenyewe, akitie tiki, wewe ukiwa umesimama pembeni yake unaangalia.