TV ya kwanza ya HD kwa bajeti ndogo: kabla ya kulipa, chuchumaa pembeni yake

Malalamiko ninayoletewa kuhusu TV mpya yamefanana mno, siku hizi nayamalizia mwenyewe kabla mwenye TV hajafika mwisho. "Dukani ilikuwa inang'aa, nyumbani imepauka." Lawama zote hutupiwa antena. Anaitwa fundi, anapanda juu ya paa, anaigeuza antena huku na huku, anashuka na hela yake, picha iko vilevile. Mimi huuliza swali moja tu: ukiiangalia unakaa wapi? Kochi la pembeni, naambiwa. Au TV imefungwa ukutani karibu na dari, na watoto wanaitazama wakiwa sakafuni.

Antena haina kosa. Matangazo ya dijitali yakiwa dhaifu, picha huganda au hukatika vipande vipande, haipauki. Kinachopauka ni kioo kisichopenda kutazamwa kwa upande, na hilo ndilo jambo ambalo mnunuzi wa TV ya kwanza haliulizi na muuzaji halisemi.

Ukubwa utaambiwa na kila mtu, kwa hiyo naupitia mbio: inchi 32 inatosha chumba cha kulala, inchi 43 inafaa sebule. HD nayo ina mtego mmoja wa kujua. TV nyingi ndogo zinazoitwa "HD Ready" zina nukta 1366 kwa 768, yaani milioni moja na kidogo. Full HD ni 1920 kwa 1080, milioni mbili na ushee, karibu mara mbili. Boksi likiandikwa kwamba TV "inapokea 1080p", maana yake inaipokea picha hiyo kisha inaibana iingie kwenye kioo chake kidogo. Kwa inchi 32 ukikaa mbali kiasi, hilo halikukoseshi usingizi. Kwa inchi 43 usikubali kitu chini ya Full HD.

Sasa turudi kwenye kioo.

TV karibu zote za bei nafuu ni LCD, hata zinapoitwa LED. LED ni taa tu zilizowekwa nyuma. Picha inatengenezwa na paneli iliyo mbele yake. Paneli hizo ziko za aina tatu. TN, utakayoikuta kwenye TV ndogo za bei ya kutupa, ni janga: ukiitazama kutoka chini picha inaingia giza, na nyuso za watu zinageuka kama negativu ya picha za zamani. VA ina weusi mzuri sana, sehemu nyeupe inaweza kuizidi nyeusi kwa mwanga mara 3000 au zaidi, lakini hiyo ni kwa aliyekaa katikati. Sogea pembeni, weusi unakuwa kijivu na rangi ya ngozi inafifia. IPS weusi wake ni hafifu, kama mara 1000 hivi, na chumba kikiwa giza utaliona hilo. Ila rangi zake hazikimbii. Aliye katikati na aliye kwenye kiti cha mlangoni wanaona sura ileile.

Utasema, mbona kwenye boksi wameandika pembe ya kutazama ni nyuzi 178? Wameandika wote! Wenye IPS wameandika, wenye VA wameandika. Namba hiyo kwa kawaida hupimwa kwa sharti la ajabu: unahesabiwa bado unaiona picha mradi nyeupe inaizidi nyeusi angalau mara 10. Mara 10 tu, kwenye kioo ambacho ukiwa mbele yake kilikuwa kinakupa mara 3000. Picha ya hivyo ni ukungu, na hakuna anayeweza kuitazama mpira ukaisha. Lakini kwa sheria ya boksi ni sahihi, na wewe ushalipa.

Kwa hiyo achana na boksi, fanya jaribio mwenyewe. Mwambie muuzaji aweke taarifa ya habari au mtu yeyote anayeongea uso ukiwa karibu. Asikuwekee ile video yao ya maua, samaki na matone ya maji, maana ile ilitengenezwa ili kila TV ionekane mpya. Simama katikati uutazame uso wa msomaji. Kisha nenda pembeni taratibu, mpaka mahali ambapo kochi lako la upande lingekuwa, bila kuondoa macho kwenye shavu lake. Shavu likianza kuwa la kijivu, umeshapata jibu. Halafu chuchumaa na uangalie juu. Watakushangaa. Waache.

Upangaji wangu sasa, na nasema mapema kwamba nina upendeleo.

Ya kwanza ni LG. Kwa miaka mingi hawa ndio walioshikilia IPS hata kwenye TV zao za bei ya chini, na kwa sebule yenye makochi pande tatu sijaona sababu ya kuanza kutafuta kwingine. Lakini hata LG haiapi kwamba kila modeli ina IPS. Kampuni dada yake inayotengeneza paneli, LG Display, iliacha kutengeneza paneli za LCD za TV nchini Korea Kusini mwishoni mwa 2022, na kiwanda chake cha LCD cha Guangzhou kilinunuliwa na CSOT ya kundi la TCL mwaka 2025. Kwa hiyo jaribio la kuchuchumaa linaihusu LG pia.

Ya pili ni Samsung, kwa chumba chembamba ambacho kila mtu anakaa mkabala na TV. Weusi wa VA usiku, taa zikiwa zimezimwa, unapendeza. Samsung nao waliacha kutengeneza paneli zao za LCD mwaka 2022, wananunua kwa wengine.

TCL na Hisense naziweka pamoja nafasi ya tatu. Kwa hela ileile unapata inchi nyingi zaidi, na picha ya mbele haina aibu. Nyingi ni VA, kwa hiyo jua utazikalia wapi.

Zile za majina ambayo hujawahi kuyasikia: hapana. Bora TV iliyotumika ya jina linalojulikana. Iwashe, weka picha nyeupe tupu, na kama kuna madoa meusi au kona zimefifia, taa za nyuma zimeanza kufa, iache hapo.

Niseme na hili linaloniudhi kuliko yote. Modeli moja, namba moja, boksi moja, na bado ndani paneli zinaweza kuwa tofauti, kwa sababu mtengenezaji ananunua kwa yeyote mwenye bei nzuri mwezi ule. Uliyoijaribu dukani ni VA au IPS, unayobebeshwa kutoka stoo huenda ni nyingine. Na ukiomba iliyo kwenye boksi iwashwe, muuzaji anakunja uso kama umemtukana: "Boksi likifunguliwa haiuziki." Sasa mimi ninayetoa hela ndio nibahatishe? Duka lisilokubali kuwasha TV unayoondoka nayo, ondoka bila TV. Hao hao ndio huziacha TV za maonyesho kwenye hali ya dukani, mwanga umepandishwa mpaka mwisho, kisha wanashangaa wateja kurudi na malalamiko.

Ikifika nyumbani, kuiwasha mara ya kwanza kutakuletea swali: matumizi ya nyumbani au ya dukani? Chagua nyumbani. Watu hubonyeza tu wapite, na TV inakaa na rangi za kupiga kelele miaka yote. Kwenye mipangilio ya picha ondoa "Vivid", weka "Movie" au "Cinema". Siku ya kwanza utaona kama picha imekuwa ya manjano. Ni macho yaliyozoea ubluu, yatatulia. Ukali wa picha, ule unaoandikwa "Sharpness", ushushe sana, maana hauongezi HD, unachora tu mistari mieupe kuzunguka vitu.

King'amuzi kiunganishwe kwa HDMI. Zile waya tatu, nyekundu, nyeupe na njano, hazibebi HD hata kidogo, na nimeona TV za Full HD zinalishwa kupitia njano mwaka mzima. Ingia pia kwenye menyu ya king'amuzi chenyewe na uhakikishe kinatoa 1080, vingine hutoka kiwandani vikiwa chini ya hapo. Kama maandishi ya habari yanayopita chini yamekatwa, TV inaikuza picha na kuzikata kingo: kwenye LG tafuta "Just Scan", kwenye Samsung "Fit to Screen".

Kuifunga ukutani, katikati ya kioo pawe karibu na usawa wa macho ya aliyekaa. Ikibidi iwe juu, nunua bano linaloinamisha, na uinamishe kioo mpaka kikuelekee kwenye kochi. Pima kwanza umbali kati ya matundu manne ya nyuma, mara nyingi ni milimita 200 kwa 200 au 100 kwa 100, usirudi dukani kubadilisha bano. Boksi na vipande vyake vya povu viweke nyuma ya mlango mpaka muda wa kurudisha bidhaa uishe.