Morrowind: gemu ambamo safari ina kituo, dereva na nauli

Anayetoka Kigoma kwenda Mwanza kwa reli anajua hesabu yake: treni hadi Tabora, shuka, subiri ya Mwanza. Morrowind, gemu ya Bethesda ya mwaka 2002, imejengwa kwa akili hiyohiyo, na ndiyo maana usafiri wake unaingia akilini kuliko wa gemu nyingi zilizoifuata.

Kwenye kisiwa cha Vvardenfell, nchi kavu unapanda silt strider, mdudu mwenye miguu mirefu kama minara. Dereva amekaa ndani ya gamba lililochimbwa, anamwongoza kwa kumchokoachokoa nyama. Pwani kuna boti. Mages Guild, chama cha wanazuoni wa uchawi, nacho kina mtu wa kukurusha papo hapo kwa uchawi kati ya matawi yake matano: Balmora, Ald'ruhn, Caldera, Vivec na Sadrith Mora. Kila njia ina vituo vyake, na vituo vingi havikutani.

Chukua safari ya kutoka Seyda Neen, kijiji unachoanzia, hadi Dagon Fel kule kaskazini. Hakuna ya moja kwa moja. Panda mdudu hadi Gnisis, badili hadi Khuul, halafu boti ikuvushe. Khuul ndiyo Kigoma ya huko: njia ya nchi kavu inakomea, ya maji inaanza. Ukishaizoea mitandao hii mitatu unaacha kufungua ramani, unakijua kisiwa kama kondakta anavyoijua ruti yake.

Juu ya hayo kuna uchawi wako mwenyewe. Mark inaweka alama mahali, Recall inakurudisha pale. Alama ni moja tu, kwa hiyo ukiweka mpya ya zamani imekufa. Wengi huiweka Caldera, ndani ya Ghorak Manor, kwa sababu kale kazimwi kanakoitwa Creeper kananunua vitu vyako kwa bei kamili na kana dhahabu 5,000. Wanaoanza hulalamika kwamba Recall haifanyi kazi. Tatizo ni kukimbia: mstari wa kijani wa uchovu ukiisha, nafasi ya uchawi kufaulu inashuka, na ukifeli nguvu ya uchawi inakatwa vilevile. Tembea kidogo mstari ujae, ndipo ujaribu.

Oblivion ya 2006, gemu iliyoifuata Morrowind katika mfululizo uleule, iliyatupilia mbali yote haya. Miji mikubwa iko wazi kwenye ramani tangu mwanzo, bofya, umefika. Saa zinasogea, lakini hakuna dereva, nauli wala jambazi njiani. Sasa zile barabara na nyumba za wageni ni za nani? Skyrim ya 2011, iliyofuata baada ya hiyo, ilirekebisha nusu: lazima ufike kwanza kwa miguu, na nje ya miji mikubwa kuna mikokoteni ya kukodi, ambayo ukishafungua ramani huna haja nayo. Dragon's Dogma 2 ya 2024, gemu ya mfululizo mwingine, ndiyo iliyofikiri zaidi. Jiwe la kujirusha, ferrystone, ni dhahabu 10,000 dukani, kwa hiyo unalitumia roho ikiuma, na gari la ng'ombe linaweza kuvamiwa na kuvunjwa katikati ya njia.

Morrowind nayo ina tobo. Kama chama kinaweza kumrusha mtu kufumba na kufumbua, tena kwa bei isiyotisha, kwa nini watu bado wanajazana mgongoni mwa mdudu? Gemu haijibu. Na mwendo wako wa mwanzo ni wa kobe, hilo lisifichwe.

Kompyuta ya zamani inatosha. Toleo la asili lilihitaji takriban GB 1 ya diski, kwa hiyo bando halitaumia. Nunua gemu, isakinishe, kisha pakua OpenMW, programu ya bure inayoiendesha vizuri kwenye Windows, Linux na macOS. Ikikuuliza gemu ilipo, ielekeze kwenye Morrowind.esm ndani ya folda ya Data Files. OpenMW peke yake haina gemu ndani, na hapo ndipo wengi hukwama. Umeme ukiwa wa kukatika, bonyeza F5 kuhifadhi ulipofikia kila unapofika kituoni, kabla ya kupanda.