Kibebeo cha bolti cha dhahabu: uzoefu wangu na skrubu mbili

Nimeikalia hasira hii wiki kadhaa nikidhani itapoa. Haijapoa, kwa hiyo nasema. Kama una bunduki ya nusu otomatiki ya aina ya AR-15 na umeona tangazo la kibebeo cha bolti (bolti ni kile chuma kinachoziba nyuma ya risasi wakati wa kupiga, na kibebeo ndicho kinachoibeba) chenye mpako wa rangi ya dhahabu, "cha kisasa, hakishiki masizi, tia tu upige", usitoe pesa kabla hujakitazama juu, pale kwenye kijibomba kinachopokea gesi. Hayo mengine ya kwenye tangazo ni mapambo.

Chuma chake ni cha aina gani na uzito wake ni kiasi gani, hayo yameandikwa kila mahali. Ugomvi wangu mimi ni na skrubu mbili.

Kwanza ieleweke kwamba bunduki yangu haikuwa na ugonjwa wowote. Ilikula kila risasi niliyoipa, za bei juu na za bei ya kutupa, na kibebeo chake cha awali, cheusi, kilichochubuka ubavuni, hakikuwahi kuniaibisha. Nilichotaka ni kupunguza kazi ya kusugua. Mwenye bunduki hii anajua ninachosema. Sehemu ya gesi ya baruti inachotwa kwenye mtutu, inarudi nyuma kwa mrija mwembamba na kuingia ndani ya kibebeo chenyewe. Kibebeo kinasukumwa nyuma, bolti inazunguka na kujifungua, ganda linatoka. Ndivyo mbunifu wake, Eugene Stoner, alivyoipanga miaka ya 1950, na ni ufundi mtamu, maana hakuna fito nzito inayokwenda na kurudi juu ya mtutu. Gharama yake ni uchafu. Mkia wa bolti huvaa gamba gumu la masizi, unalikwangua mpaka vidole vinafanana na vya fundi gereji. Niliposikia kuna kibebeo kinachofutika kwa kitambaa, nikanunua.

Na kweli kinafutika. Siwezi kudhulumu hapo. Masizi yaliyokuwa yakinipotezea jioni nzima yanatoka kwa mafuta kidogo na kitambaa, na kibebeo kinateleza ndani ya bunduki bila kukwaruza. Magazini za mwanzo uwanjani zilipita safi, nikaanza kuwasifia wauzaji kwa kila aliyesimama karibu. Maneno yale natamani ningeweza kuyarudisha mdomoni.

Dalili ya kwanza ilikuja kimya. Risasi ya mwisho ikatoka na bolti haikubaki nyuma; ikajifunga kwenye chemba tupu, pale risasi inapokaa kabla ya kupigwa. Nikasingizia magazini. Nikaweka nyingine, yale yale. Baadaye maganda yakaanza kutoka kwa unyonge, yakidondoka karibu na kiwiko badala ya kuruka, na mwisho likabanwa moja mlangoni, nusu ndani nusu nje. Nalitoa, nakoki, napiga, linabanwa jingine. Mzee mmoja aliyekuwa akipiga shabaha pembeni yangu akaweka yake chini, akasikiliza kidogo, akaniambia, "Mwanangu, hiyo inavuja pumzi."

Nikatoa magazini, nikahakikisha chemba ni tupu, nikaifungua palepale mezani. Kuzunguka kitako cha kile kijibomba masizi yamechora mstari mweusi juu ya dhahabu yao, mahali ambapo gesi haina ruhusa ya kupita. Nikakishika kwa vidole viwili. Kinacheza!

Kwa wasiojua: kijibomba hicho kinashikwa na skrubu mbili tu. Zinatakiwa zikazwe kwa spana ya kipimo, kisha chuma cha pembeni kipigwe kwa panchi, yaani kijiti cha chuma kinachogongwa kwa nyundo, mpaka kisukumwe ndani ya meno ya vichwa vya skrubu, zisiweze kuzunguka tena. Kila mlio unaleta joto na mtikisiko pale, na skrubu isiyofungwa namna hiyo italegea tu; ni suala la muda. Ikilegea, gesi inatokea pembeni na kibebeo hakifiki nyuma kinapopaswa kufika. Kwenye kibebeo changu palikuwa na alama ndogo za panchi, za kubembeleza, kama mtu aliyeagizwa apige na akaona aibu. Chuma hakijasogea hata kidogo.

Nikarudisha kile cheusi cha zamani. Bunduki ile ile, risasi zile zile, magazini zile zile. Ikapiga mpaka mimi ndiye nikachoka.

Sasa sikilizeni simu niliyowapigia wauzaji.

"Kaka, bunduki hizo zinataka usafi," jamaa akaanza, kabla sijamaliza sentensi. Nikamwambia ni safi, ndiyo maana nilinunua mzigo wenu. "Umeipaka mafuta?" Nimeipaka. "Basi risasi zako ni dhaifu." Nikamweleza habari ya kibebeo cha zamani, kwamba kinapiga risasi hizo hizo bila shida. Kimya kidogo, halafu akasema, kwa sauti ya mtu anayemvumilia mtoto: "Unajua, hata kifaa kizuri kikiingia mikononi mwa asiyejua, lazima kisumbue." Akanishauri ninunue springi nyepesi ya kitako na kizito chepesi cha kwenda nayo. Wanaviuza wao, bila shaka. Yaani gesi inavuja juu, dawa ni kununua springi ya nyuma!

Hili la kumtupia lawama aliyeishika bunduki si jipya, na ndilo linaloniudhi kuliko pesa. Askari wa Marekani kule Vietnam walipoanza kukwamiwa na M16, ndugu wa kijeshi wa bunduki hii, neno la kwanza lilikuwa kwamba hawaisafishi. Mwaka 1967 kamati ndogo ya Bunge lao, chini ya mbunge Richard Ichord, ikachunguza na kukuta kwamba kiini kikubwa kilikuwa kubadilishwa kwa baruti ya risasi. Tena vifaa vya kusafishia vyenyewe havikuwafikia wengi, na chemba hazikuwa zimepakwa kromu ya kuzuia kutu. Sisemi mkasa wangu wa Jumamosi unafanana na wa watu waliokuwa vitani. Ila sauti ya yule jamaa ni ile ile.

Baada ya kubishana sana wakakubali nikirudishe, kwa gharama yangu. Kikakaa huko muda ambao sikuhesabu kwa sababu kila siku ilikuwa inanipandisha presha. Kiliporudi nikafungua boksi mbiombio. Panchi hawakugusa. Walichofanya ni kupaka gundi nyekundu kwenye skrubu! Gundi ambayo fundi yeyote akitaka kuifungua anaipasha moto, wameiweka mahali panapopulizwa gesi ya moto kila ukivuta kifyatulio. Hapo ndipo nilipoacha kuwaita wazembe nikaanza kuwaita jina jingine ambalo siliandiki.

Nikakipeleka kwa fundi wa bunduki. Akazitoa zile skrubu, akakwangua gundi, akasafisha nyuso zote mbili mpaka kijibomba kikalala vizuri, akaweka skrubu mpya, akakaza kwa kipimo, akapiga panchi pande zote hadi ukiona kwa macho chuma kimeng'ata vichwa. Haikumchukua muda. Hakunihubiria chochote. Akaniambia tu nitie risasi moja moja kwenye magazini nione kama bolti inabaki nyuma. Inabaki kila mara. Nikasimamisha kibebeo mezani juu ya uso wa bolti, bolti ikiwa imevutwa nje, kuangalia kama kitashuka kwa uzito wake, maana kikishuka ringi za gesi, zile za mkia wa bolti zinazozuia gesi isivuje, zimekwisha. Kimesimama imara. Tangu hapo hakijakwama, na kile cheusi kimehamia kwenye mkoba, akiba.

Kwa hiyo je, ununue? Kinachoniuma ni kwamba kifaa chenyewe ni kizuri. Mpako ule ni raha, na pengine niliangukiwa na kimoja kibovu kati ya vingi vizima, hilo linawezekana. Kama una panchi, alenki na mkono usiotetemeka, unaweza hata kukifurahia. Lakini kwa nini nilipe bei ya kitu kilichomalizika halafu nikimalizie mwenyewe? Na yule bwana wa "asiyejua" bado ananilia sikioni.

Nyota mbili. Moja ya mpako, moja ya kazi ya panchi. Ila ya panchi ni ya fundi wangu, si yao. Basi moja.