Niliuziwa "picha kutoka negativu halisi", kumbe ni wino wa printa

Nimengoja wiki kadhaa hasira zipoe ndipo niandike. Hazijapoa.

Duka lenyewe liko huku California ninakoishi, jina silitaji. Nilikuta ukutani picha iliyopigwa na Ansel Adams, mpiga picha maarufu wa Marekani, ule mto Merced wakati wa theluji na mlima Half Dome nyuma yake, na kikadi chini kinasema imetokana na negativu halisi, yaani ile filamu aliyoipiga Adams mwenyewe. Nikalipa bila kuuliza swali hata moja. Hapo ndipo ninapoumia, maana mimi ni mtoto wa mpiga picha. Baba alikuwa na studio Tanga, na tangu niko darasa la tatu kazi yangu ilikuwa kutikisa trei kwenye chumba cha giza wakati anasafisha picha.

Nyumbani niliipeleka dirishani. Weusi wa vivuli ulikuwa umelala juu juu ya karatasi, hauna kina. Nikaiwekea lenzi ya kukuzia: vidoti vya wino kila mahali, mpaka kwenye theluji. Picha iliyosafishwa gizani haina vidoti vile. Weusi wake ni madini ya fedha yaliyomo ndani ya utando wa jelatini, na jicho linazama humo.

Nikarudi dukani. Yule bwana alijibu macho yako kwenye simu: negativu iliskaniwa, kwa hiyo picha imetoka kwenye negativu, sasa shida yangu ni nini? Nikamwambia kuskani si kusafisha. Ndipo akaniangalia, kuanzia viatu hadi kilemba, akasema mteja wa kawaida hawezi kuona tofauti.

Mteja wa kawaida!

Adams alisomea piano kabla ya kushika kamera, naye alikuwa akisema negativu ni kama noti za mtunzi na picha ndiyo muziki unapopigwa. Negativu zake nyingi zilikuwa kubwa, inchi 8 kwa 10. Mashine yake ya kukuzia, ile inayomulika negativu juu ya karatasi, ilikuwa na balbu 36, kila moja na swichi yake, ili sehemu nzito ya negativu, isiyopitisha mwanga vizuri, aipe mwanga zaidi. Baada ya hapo mikono inaingia kazini: huku unaziba mwanga kwa kipande cha kadi, kule unauongeza, unahesabu sekunde. Hata ikitoka kwenye dawa bado hujamaliza, kwa sababu karatasi ikikauka picha inakuwa na giza zaidi. Baba alikuwa akinionya nisiamini picha iliyolowa. Adams alikausha vipande vya majaribio kwenye maikrowevu ili asidanganyike.

Ile picha yake ya mwezi juu ya Hernandez, New Mexico, ya 1941, sehemu ya chini ya negativu ilikuwa hafifu mno hata 1948 akaitia dawa kuiongezea nguvu. Mbingu aliitia giza kwa mkono kila alipoisafisha. Nakala za mwanzo zina mawingu mengi juu, za miaka ya baadaye mbingu karibu nyeusi tupu. Negativu ni ile ile! Kwa hiyo kuniambia "negativu halisi" bila kuniambia nani alisimama gizani ni kunificha jambo lenyewe.

Baadaye nilikwenda kwenye galari ya familia ya Adams, bonde la Yosemite, huku huku California. Kule wana picha za Alan Ross, aliyekuwa msaidizi wake, ambaye tangu 1975 anazisafisha moja moja kutoka negativu zile zile. Nilisimama mbele ya moja mpaka mume wangu akaja kunitafuta. Theluji ilikuwa nyeupe na bado unaona chembe zake.

Ni kweli, mkono ule nao si wa Adams, aliyefariki 1984. Brett Weston, mpiga picha mwingine, alizichoma negativu zake mwenyewe 1991, siku alipotimiza miaka 80, asije mtu mwingine kuzisafisha. Zamani nilimwona mkatili, lakini baada ya lile duka nilimwelewa kwa siku mbili nzima. Halafu nikamkumbuka Cole, mdogo wake, aliyesafisha negativu za baba yao Edward, naye mpiga picha, kwa miaka mingi, kwa ruhusa ya mzee, na nyuma ya picha akaandika kwamba ni yeye. Huyo simlaumu kwa lolote. Amesema.

Nyota moja. Haya, picha ya wino si mbaya, na kama kikadi kingesema kweli na bei ingekuwa ya kweli ningeitundika jikoni kwa furaha. Basi mbili. Hapana, nikikumbuka alivyoniangalia, ni moja.

Wamenipa vocha badala ya pesa zangu. Nimeikataa. Picha iko kwenye boksi, risiti juu yake, na Jumamosi narudi nayo pamoja na lenzi.